Bango Lenye Picha ya Marehemu

Majirani zangu si watu wabaya. Naanza kwa kulisema hilo kwa sababu msomaji akifika mwisho anaweza kuwahukumu, naye atakuwa amekosea. Mwenye ukumbi alipotangaza kwamba ataiondoa bendi na kumleta dijei, kwa kuwa viti vilikuwa vikibaki vitupu kila Jumapili alasiri, mtaa mzima uliinuka kana kwamba umepatwa na msiba.

Bendi yenyewe ilikuwa ya mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu. Siku za kazi hupiga pasi kwa dobi. Jumapili huimba na kupiga gitaa, akiwa na mpiga besi mmoja mkimya kama ukuta, na mpiga ngoma ambaye mtaa mzima humwita Radi. Nyimbo hutunga mwenyewe. Nilisomeshwa na walimu waliotuchapa kwa koma iliyokaa pasipo pake, na katika tungo za binti huyu sijapata neno la kuliondoa.

"Nijazieni ukumbi Jumapili moja tu," mwenye ukumbi aliwaambia majirani. "Ukijaa, dijei nitamwambia abaki kwao."

Aliyelivalia njuga jambo hilo alikuwa Mama Mapacha, fundi cherehani wa mkabala na nyumba yangu. Alishona pazia jipya la jukwaa, akamkaba seremala mpaka akaziba mbao zilizobonyea, akamnyang'anya kinyozi mabenchi yake. Nilipojitolea kusaidia, alinicheka.

"Babu, wewe kaa kitako. Kazi yako ni kuvaa koti na kupendeza."

Nilivaa koti. Nilifika mapema, nikakuta bango limebandikwa mlangoni, na katika bango hilo alikuwapo marehemu mwanangu akiimba: macho ameyafumba, kinywa wazi, mshipa wa shingo umemtoka. Chini yake, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, waliandika kwamba bendi ni ya binti yake.

"Mama Mapacha, huyu ndiye anayeimba leo?"

"Babu nawe! Huyu ndiye anayeleta watu. Mtoto ataimba, kwani nani kamkataza?"

"Mtoto ana sura yake."

"Anayo, tena nzuri, lakini nani anaijua? Tumsaidie kwanza. Mengine yatafuata."

Mjukuu wangu alifika na gitaa mgongoni. Alilitazama bango kwa muda. Radi, ambaye hawezi kuvumilia ukimya, alisema, "Dada, leo tunapiga na bosi mkubwa. Tukikosea tempo, atatufuata ndotoni." Binti alisema tu, "Wamechagua picha nzuri," akaingia ndani.

Ukumbi ulijaa, hata madirishani watu walining'inia. Alianza na wimbo wake mpya, wa mwanamke anayepiga pasi mashati ya watu wasiomsalimu njiani, lakini yeye anawajua wote kwa kola zao: nani amekonda, nani ameanza kutoka jasho la hofu, nani ameacha kupakwa manukato na mtu. Nilikuwa nimeusikia nyumbani ukiwa vipande vipande. Sasa ulikuwa mzima, umesimama kwa miguu yake. Nilitazama huku na huku nione nani mwingine ameuona. Bwana mmoja mbele yangu alikuwa amegeuza mgongo, anasalimiana na shemeji yake. Soda zilikuwa zikifunguliwa. Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi ya adabu, kama yanayopigiwa hotuba.

Kabla hajaanza wa pili, sauti ikatoka nyuma: "Ya baba! Tupe ya baba!"

"Ule wa mlango!" akaitikia mwingine. Punde ukumbi mzima ulikuwa ukidai kwa mdundo wa miguu.

Wimbo huo wa mlango naujua ulikotoka. Mwanangu alipouimba mara ya kwanza, katika ukumbi uo huo, walimzomea wakitaka vitu walivyovizoea, na mtu mmoja akamrushia ganda la chungwa. Aliurudia Jumapili baada ya Jumapili mpaka wakaukubali, kisha wakaupenda, kisha wakawa hawakumbuki kwamba waliwahi kuukataa. Yeye alipewa muda. Binti yake alikuwa na alasiri hii tu.

Nilisimama. "Mwacheni aimbe zake!"

Kinyozi alinishika mkono kwa upole. "Kaa, mzee wetu. Tunajua, uchungu wa mwana hauzoeleki."

"Sina uchungu, nina hasira!"

"Ndiyo, mzee. Pole sana." Mwingine akaniletea maji.

Kutoka jukwaani mjukuu wangu aliniona. Alimtazama mwenye ukumbi, aliyefumbata mikono mlangoni, kisha Radi, ambaye hana kazi nyingine na mkewe ni mjamzito. Akageuza vidole kwenye nyuzi, akauanza wimbo wa mlango.

Aliuimba vizuri kupita kiasi. Alilivunja neno la mwisho wa mstari palepale alipokuwa akilivunja baba yake. Watu walilia, wakacheza, wakakumbatiana waliokuwa hawasemezani. Mimi niliyemzaa marehemu nilikaa macho makavu.

Baadaye mwenye ukumbi alikuja anatweta kwa furaha. "Kila Jumapili sasa! Ila hivi hivi, binti. Usibadilishe kitu."

Nilimwomba Mungu binti aseme hapana.

"Sawa, mjomba," alisema.

Mama Mapacha alimkumbatia akamlowesha bega. "Umenirudishia baba yako kabisa!"

"Na ule wa kwanza, mama, uliuonaje?"

"Upi, mwanangu?"

"Wa mashati."

"Aa! Huo nilikuwa napanga viti. Utatuimbia siku nyingine."

Na kweli alikuwa akipanga viti, kwa ajili yake.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yaliyonyooka, ya kumwambia asikubali. Yeye akatangulia kusema.

"Babu, ubeti wa tatu nimeukosea, si ndiyo?"

"Umeukosea."

"Hawakugundua."

"Leo hawakugundua."

"Ndiyo maana nataka unifundishe. Kama ndio nitakaokuwa nauimba, basi niuimbe sawa."

Alisimama kando ya njia, akaushusha mkoba wa gitaa chini, akasubiri. Maneno niliyoyaandaa niliyaacha. Mimi ambaye hata shuleni nilisamehewa kuimba, nilikohoa, nikauanza ubeti wa tatu wa mwanangu kwa sauti yangu mbovu, mstari mmoja mmoja, na yeye akaufuatisha nyuma yangu, akinitazama mdomo, mpaka ukakaa sawasawa.