Jina la Aliyeondoka

Nyanjige hakuwa amemwambia mtu. Hata shangazi yake Felisita, ambaye katika Bariadi nzima hujua nani ana mimba kabla ya mwenye mimba mwenyewe, hakuwa na habari. Alijifungia chumbani, akaweka kompyuta mezani, akafanya usaili na maprofesa watatu wa Estonia, kwa Kiingereza kitupu na kwa sauti ya chini. Walipomaliza wakamshukuru, wakampungia mkono. Alipogeuka akamkuta baba yake amesimama nje ya dirisha, mikono yote miwili imeshika nondo, anamtazama.

"Mayu," mzee akasema. "Unaondoka tena."

Kiingereza cha mzee Ndalahwa huanza na gudi moningi na kuishia hapo hapo. Kwa hiyo nywele zilimsisimka binti wa watu. Kuondoka mtu anaweza kubahatisha, lakini hilo neno "tena" alizunguka nalo siku nzima.

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mzee hakukosea kumwita hivyo. Nyanjige lilikuwa jina la mama mzazi wa mzee. Binti alipozaliwa alilia usiku na mchana, hanyonyi, halali, hospitali hawaoni ugonjwa, mpaka bibi mmoja kutoka Shishiyu akasema huyu mtoto anadai jina lake. Wakaanza kuyataja majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, na walipofika kwa Nyanjige kile kitoto kikanyamaza, kikalala. Mzee Ndalahwa, Mkatoliki wa benchi la mbele, mwenye cheti cha ubatizo kinachosema anaitwa Paschal, siku hiyo alilia mbele za watu bila haya. Tangu hapo hakuwahi kumwita binti yake kwa jina. Mayu njoo ule. Mayu, umefaulu? Padre alijua, na wazee wa mizimu walijua, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa huyo Nyanjige wa kwanza ndiye mwenye kisa. Aliondoka kwenye mji wa mumewe kule Bukundi alfajiri moja, Ndalahwa akiwa bado mtoto wa kuchunga ndama. Wapo waliosema alichoshwa na kipigo, wapo waliosema alifuata mwanamume, na wapo waliokuwa wanaongea tu kwa kuwa wana midomo. Miaka mingi baadaye ikaja habari kwamba amefia upande wa Geita. Kaburi lake hakuna aliyeliona, na mtoto alilelewa na mama wa kambo.

Zamani yote hayo yalikuwa jina tu, na utani wa nyumbani. Lakini tangu kiharusi kilipompiga mwaka juzi, mzee alianza kupotea. Alianza kwa kusahau miwani, akaja kusahau njia ya kanisani, kisha akasahau kwamba mkewe alishafariki. Na kadiri alivyopotea, ndivyo yule mwanamke wa Bukundi alivyozidi kuja. Nyanjige alimwona akija machoni mwa baba yake, kila asubuhi anapomsalimia.

Hata yeye mwenyewe alianza kujitilia shaka. Siku moja alitoka kuoga, akafunga kanga yake fundo la begani, bega la kushoto, akasikia mzee anacheka peke yake barazani. "Ndivyo hivyo hivyo," mzee akasema. "Hujabadilika." Nyanjige akarudi chumbani, akaifungua, akaifunga kiunoni kama watu wengine. Nani alimfundisha lile fundo? Alijaribu kukumbuka, akashindwa, akaogopa.

Kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa ofisa wa kompyuta wa ushirika mmoja wa pamba pale mjini, na kutwa alipambana na matapeli: huyu anapiga simu akijifanya meneja, yule anatuma ujumbe akijifanya mwanachama aliyepoteza laini. Mkulima akija kulalamika kwamba amezungushwa, Nyanjige humwambia lile lile: mtu asiyeweza kuthibitisha kuwa ni yeye, usimfungulie, hata akilia. Walimpachika jina la Bi Thibitisha, naye akalipenda. Tatizo ni kwamba matapeli walikuwa wanakimbia na yeye anatembea. Alichokijua alijifundisha mwenyewe kwenye simu, na alishaona kina chake. Ndiyo maana aliomba kusoma. Na barua pepe ikaja: amepata nafasi, shahada ya uzamili ya usalama wa taarifa, miaka miwili, kila kitu kimelipiwa. Ajibu kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

Ikabidi amwambie shangazi.

"Weee!" Felisita akaacha kumenya viazi. "Estonia ndiyo wapi? Kuna watu huko?"

"Wapo, shangazi."

"Weusi?"

"Wachache."

"Basi utaongezeka wewe. Nenda. Kaka yangu nitamlisha mimi, nimemzoea na ukaidi wake."

"Na akiniulizia?"

"Basi la Mwanza linaondoka gizani. Utatoka akiwa amelala, hata hatajua. Ukimuaga utamuua bure."

Wakakubaliana hivyo. Ila kukubaliana ni kitu kimoja na kuibonyeza ile barua pepe ni kingine. Nyanjige aliifungua na kuifunga, akaifungua na kuifunga. Alitaka kwenda, tena alitaka sana. Ila akiwaza mzee ameamka, anaita mayu, na nyumba kimya, vidole vilikataa.

Na mzee kana kwamba ananusa. Alianza kuketi mlangoni kwa binti yake. Viatu vya kazini vya binti vilipotea, vikaja kupatikana chini ya shuka la mzee, amevikumbatia. Na kila asubuhi, Nyanjige akiaga kwenda ofisini, mzee humshika mkono na kuuliza swali lile lile.

"Siku ile ulipoondoka. Uliniambia nini?"

"Baba, mimi ni binti yako. Mimi sijaondoka."

Mzee huuachia mkono polepole, akainamisha uso kama mtu aliyerudishwa kwenye dirisha la ofisi mbele ya foleni. Kesho yake anauliza tena.

Alhamisi Nyanjige aliwahi kurudi. Malori ya pamba yalikuwa yanapita barabarani na vumbi lake limetanda mpaka barazani. Mzee alikuwa kwenye benchi lake, na hata salamu hakungoja.

"Uliniambia nini, mayu?"

Felisita akatupa kisu kwenye beseni la viazi. "Mjibu, mwanangu! Kila siku mzee wa watu anauliza kitu kimoja. Mwambie chochote aridhike. Au unamtaka akuonyeshe kitambulisho?"

"Shangazi, hicho ndicho ninachowakataza watu kila siku. Kujifanya mtu ambaye siye."

"Huko kwako ni wezi. Huyu anaibiwa nini?"

Nyanjige akaweka mkoba wake chini. Alikuwa amechoka, na kesho ilikuwa Ijumaa. Akapiga magoti mbele ya benchi.

"Nilikuambia, mwanangu, baki salama. Nilikuambia nitarudi."

Mzee akamtazama usoni. Kisha akacheka, kicheko kidogo kisicho na furaha.

"Uongo," akasema. "Hukuniambia kitu. Mimi nilikuwa macho. Nilijifanya nimelala, nikasema moyoni, akija kuniaga namng'ang'ania nguo, hatakwenda popote. Ukasimama mlangoni. Ukaniangalia. Nikangoja uje." Akautazama mlango. "Hukuja."

Nyanjige alihisi uso wake umewaka moto, maana ile safari ya gizani, ya kunyata huku mzee amelala, aliikubali yeye kwa kinywa chake. Alikuwa anakwenda kumfanyia mzee huyu kitu kile kile, mlango ule ule, na alikuwa anakiita huruma.

"Safari hii niage," mzee akasema.

Hapo Bi Thibitisha akaisha. Akakishika kile kichwa chenye mvi kwa viganja viwili, akamwita baba yake kwa jina, jambo ambalo mtoto wa Kisukuma mwenye akili zake halifanyi.

"Ndalahwa. Mwanangu. Naondoka, naenda mbali. Sikuondoka kwa sababu yako. Ulikuwa mtoto mzuri. Nilishindwa kukuamsha kwa sababu ungelia, na mimi ningebaki."

Maneno hayo yalimtoka bila kuyatafuta, na sauti iliyoyasema ilikuwa nzito kuliko yake. Felisita aliyasikia, akafanya ishara ya msalaba. Mzee akaikamata nguo ya binti yake gotini, akaikaza, akaikaza mpaka mishipa ya mkono ikasimama. Kisha akaanza kuachia, kidole kimoja, cha pili, mpaka mkono ukabaki wazi juu ya paja.

"Wabeja, mayu," akasema. Asante, mama. "Haya, nenda."

Akaegemea ukuta, akalala pale pale, usingizi mzito wa mtoto aliyekwisha kulia. Nyanjige alichukua simu kabla jua halijazama na kabla moyo haujageuka, akabonyeza kukubali. Felisita akapiga kigelegele cha chini chini, asimwamshe mgonjwa, huku machozi yanamdondokea kwenye viazi. Safari yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nane. Muda wa kukaa na baba yake ulikuwepo, Nyanjige akajiambia, na sasa wangekaa kwa amani. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alikula akashiba.

Asubuhi akampelekea uji. Mzee alikuwa ameshaamka, amekaa wima, uso umetulia kuliko alivyowahi kumwona tangu augue. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu sana.

"Asante, dada."

Nyanjige akadhani amesikia vibaya. "Umelalaje, baba?"

"Vizuri mno. Mnakaribisha wageni vizuri hapa." Akapuliza uji, akanywa funda moja, akamtazama kwa macho ya upole ambayo hayakumtafuta mtu yeyote ndani yake. "Na wewe ng'wana nani?"

Nyanjige alishika fremu ya mlango. Alitaka kulia kwa nguvu kama alivyolia alipozaliwa, ila sasa hapakuwa na wa kumtajia jina.

"Wa Ndalahwa," akasema. "Mimi ni mtoto wa Ndalahwa."

Mzee akafikiri kidogo, kisha uso wote ukachangamka.

"Ndalahwa! Huyo namfahamu. Alihangaika sana yule kijana, lakini sasa amepona. Mama yake alikuja kumuaga jana."