Kamera Kipofu

Watu wa Ngumbo walimfahamu Walburga kwa utosi. Uso wake waliuona wachache, kwa kuwa akisalimiwa aliinama, na akiulizwa swali aliinama zaidi. Shuleni, kabla hajaacha darasa la tano ili amuuguze mama yake, aliwahi kuandikwa hayupo siku ambayo alikuwa ameketi dawati la mbele kabisa. Jina alilopewa na masista lilimfaa mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kengele. Yeye alilibeba hivyo hivyo, kama mtoto aliyevalishwa koti la baba yake.

Mtu wa namna hiyo, kila mwenye akili angekubali, hafai kuwa mpiga picha. Lakini ndiyo kazi aliyoifanya, tena kwa sababu ambayo hakumwambia mtu. Baba yake mdogo, Ignatio, mikono ilipoanza kumtetemeka kwa uzee, alimwachia kamera yake ya mkanda. Siku ya kwanza Walburga alipoweka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia, uso wake wote ukafichika nyuma ya kile chuma, na watu waliokuwa mbele yake wakaacha kumtazama. Walitazama kamera. Walinyoosha shingo, wakavuta mashati, wakapanga meno, na yeye akawa hayupo. Hajawahi kupata mahali pazuri kama hapo.

Kisha maendeleo yakafika. Nchi ilikuwa imefungua milango siku nyingi, bidhaa zikawa zinaingia kwa fujo, na katika msongamano huo mkanda wa kamera ukatoka bila kuaga. Mjini Songea, aliyekuwa akisafisha picha aliuza mashine yake kama chuma chakavu. Mbinga ulibaki mkanda mmoja dukani, na muuzaji alimhakikishia Walburga kwamba tarehe ya mwisho iliyoandikwa pale ilihusu boksi, haikuhusu kilichomo. Maharusi waliopigwa kwa mkanda huo walitoka na rangi ya biringanya.

Hapo ndipo kaka yake, Tobias, alipokumbuka kumhurumia. Tobias alikuwa akinunua usipa, wale dagaa wa ziwani, na kuwapandisha milimani hadi soko la Mbinga. Alikuwa na meza huko na alitafuta mtu wa kuisimamia. Kazi yenyewe nyepesi, alisema: kupima kwa kopo na kuita wateja. Alilitamka neno kuita kama mtu anayesema kukaa kivulini. Walburga alijiona amesimama katikati ya soko, uso wazi, akipaza sauti kuwaita wakulima wa kahawa wasiomjua, na chakula cha siku hiyo kikamshinda.

Walikubaliana hivi. Baba Askofu alikuwa anakuja Ngumbo kuwapa watoto Kipaimara, sakramenti ya kupokea Roho Mtakatifu. Kama Walburga angepata kamera ya dijitali kwa akiba yake, na wazazi wa watoto wakazikubali picha zake, Tobias angeachana na habari ya meza. Wasipozikubali, kopo lingekuwa linamsubiri.

Wiki hiyo iligundulika kwamba Ngumbo ina wataalamu wengi wa kamera kuliko wavuvi, ingawa kijiji kizima kilikuwa na kamera moja tu, nayo imekufa kwa kukosa mkanda. Mwalimu Nathanieli alieleza habari ya megapikseli huku akichora mchangani kwa kijiti: kumi na mbili ni mara mbili ya sita, kwa hiyo anayenunua ya sita anajinyima nusu ya picha. Jirani mmoja aliyewahi kufika Dar es Salaam alisema jambo la maana ni mkanda wa shingoni, uwe mpana na wenye maandishi. Mwingine alishauri zipimwe kwa mkono, ichukuliwe nzito. Mama mkubwa Kunigunda yeye alisema kamera lazima ilie klak, maana isipolia mtu hajui wakati wa kuanza kupumua tena. Ushauri huo ulikuwa na maana, ndiyo sababu hakuna aliyeutilia maanani. Na Walburga mwenyewe, kwa kuwa alikuwa ndiye mnunuzi, hakuulizwa.

Walipanda Mbinga yeye na Tobias, juu ya magunia ya usipa, wakaenda kwa Florian, mwenye studio karibu na soko, ambaye aliuza kamera alizozichoka na kuchapa picha za watu kwa kompyuta. Kwa fedha waliyokuwa nayo, Florian alitoa mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, mpya, ya rangi ya fedha, bapa kama kipande cha sabuni, yenye megapikseli kumi na mbili na kioo cha nyuma kinachoonesha picha papo hapo. Tobias aliipenda kabla haijawashwa. Alisema ndiyo hiyo hiyo aliyonayo Hamphrey, kijana mpiga picha wa mjini ambaye naye angekuja kwenye Kipaimara, na mtu hushindana na mwenzake kwa silaha ileile.

Walburga aliishika. Haikuwa na kitundu. Florian akamwonesha inavyotumika: unanyoosha mikono mbele, unaitazama kwa mbali kama mtu anayesoma gazeti bila miwani. Walburga akanyoosha mikono, na uso wake wote ukabaki nje, umeelea juu ya kile kisabuni, wazi kabisa. Akairudisha mezani taratibu.

Ya pili ilikuwa kubwa, nyeusi, ya kubadilisha lenzi, iliyochubuka pembeni. Megapikseli zake sita. Kioo cha nyuma kilikuwa kimefunikwa kwa plasta, kama jicho lililofanyiwa upasuaji. Florian, ambaye hakuwa mtu mbaya ila aliusema ukweli kwa sauti ya chini kuliko bei, alieleza kwamba kioo hicho kimekufa. Kamera inapiga vizuri, picha zinaingia kwenye kadi, lakini huwezi kuziona mpaka ufike kwenye kompyuta. Ndiyo maana ilikuwa rahisi. Yenye kioo kizima wasingeweza hata kuigusa.

Walburga akaweka jicho kwenye kitundu. Studio ikajikunja ikawa dirisha dogo, na ndani ya dirisha akawamo Tobias, mdogo, mwenye wasiwasi, asiyeweza kumwona. Akabonyeza. Klak.

Florian akatoa kadi, akaiingiza kwenye kompyuta, na Tobias akatokea, mdomo wazi, kila jino limeonekana. Picha nzuri. Pazia la studio nyuma yake lilikuwa jeusi kama sufuria ya shule, jambo ambalo wakati huo halikumhusu mtu.

“Unataka kununua kipofu,” Tobias alisema. “Megapikseli nusu na jicho moja.”

“Nachukua hii,” Walburga akasema.

Tobias akageuka kumtazama aliyesema.

Njiani kurudi alieleza hasara hiyo kwa dereva, kwa utingo na kwa abiria wote walioshuka kabla ya ziwa. Walburga aliipakata kamera bila kujibu, naye Tobias alihesabu ukimya huo kuwa majuto.

Asubuhi ya Kipaimara, Walburga alifanya kama baba mdogo Ignatio alivyomzoeza kila siku ya kazi: alikaa nje ya nyumba, upepo wa ziwani ukivuma na mchanga wake, akaifungua kamera kwa kutoa lenzi, akapuliza ndani kwa nguvu kama anayechochea moto, akaifunga. Florian alikuwa amemwambia asiifungue penye upepo. Lakini Florian alikuwa mtu wa studio, angejua nini kuhusu kazi za nje.

Kanisani watu walijaa hadi uwanjani. Hamphrey alikuwa na kazi tele. Alipiga, akageuza kioo, watu wakamzunguka, wakajiona, wakacheka, wakaitana waje kuona tena. Mama mmoja alijitazama mara tatu, akashukuru kwa moyo wote, akaenda zake. Hamphrey akamfuata kumuuliza atachukua nakala ngapi. Mama akashangaa. Akamwambia ameshajiona, ya nini tena. Akatokea wa pili akasema vivyo hivyo, na wa tatu. Ikawa Hamphrey anapendwa na uwanja mzima na haagizwi na mtu.

Upande wa Walburga walikuja nao, wakamzunguka nyuma kutafuta kioo, wakakuta plasta. Wakarudi wakinong'ona. Haikupita muda ikajulikana uwanja mzima kwamba dada yake Tobias amekuja kumpiga picha Baba Askofu kwa kamera kipofu. Tobias alisogea pembeni na kuanza kuwasalimia watu wasiohusiana na familia yake.

Ikafika picha ya wote. Askofu alisimama katikati ya watoto, ziwa likiwa nyuma yao na mbingu kubwa juu. Hamphrey alipiga kwanza, akakimbia na kioo chake hadi kwa Baba Askofu. Jua la saa sita lilikuwa limekipiga hicho kioo na hakuonekana mtu ndani yake, si askofu si mwanakondoo. Baba Askofu alikitazama kwa upole, akasema ni picha nzuri sana.

Walburga naye akapiga. Klak. Watoto wote wakapumua. Baba Askofu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akanyoosha mkono aoneshwe na hiyo.

Katekista Nazari, aliyekuwa amepanga shughuli yote na ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa waliopakwa mafuta siku ile, alifumba macho. Walburga hakuondoa jicho kwenye kitundu. Kutoka huko nyuma ya chuma ikaja sauti ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia.

“Haioneshi, Baba Askofu. Yenyewe inaona tu.”

Baba Askofu alicheka, akasema kama ni hivyo atangoja. Na kwa kuwa askofu alikubali kungoja, wazazi waliona aibu kuwa na haraka kumshinda. Mpaka jioni karibu kila nyumba ilikuwa imeagiza.

Hapo ingefaa mambo yaishe vizuri. Lakini Walburga alipopeleka kadi Mbinga, na picha zikafunguka kwenye kompyuta ya Florian, palionekana kitu juu ya vichwa vya watoto. Doa. Dogo, la kijivu, lenye ncha mbili zilizokunjuka, limekaa angani upande wa kushoto. Kwenye picha iliyofuata lilikuwa hapo hapo. Na iliyofuata. Kila mahali penye mbingu, lilikuwapo; penye giza halikuonekana.

Florian akamuuliza kama aliifungua penye upepo. Walburga akainama. Florian akasema ni vumbi, limekaa ndani kabisa, linasafishika. Ila kulifuta kwenye picha zote, moja moja, ni kazi nyingine yenye malipo yake. Akiba iliyobaki ilitosha kuchapa tu. Picha zikachapwa pamoja na doa lake.

Alizikabidhi zote kwa Katekista azigawe, akaenda nyumbani kujifungia. Tobias alikuwa ameshaiona picha ya jirani. Alileta kopo la kupimia usipa, akaliweka mlangoni, akashauri aanze mazoezi. Walburga akatoka uani walipokuwa kuku. “Usipa,” akawaambia. Kuku hawakuinua vichwa.

Ndivyo Katekista Nazari alivyomkuta. Alikuja na bahasha mkononi na nyuma yake binti yake, aliyevaa tena gauni jeupe. Walburga akapiga goti, akasema shikamoo akilitazama kopo. Katekista akaitika marahaba, akaketi, akatoa picha mbili, moja ya mtoto wa jirani, nyingine ya binti yake, iliyopigwa ndani ya kanisa penye giza.

“Walburga,” akasema, “nimekukosea nini?”

Walburga hakuelewa.

“Mtoto wa jirani ameshukiwa na Roho. Anaonekana kabisa, hapa juu, na mbawa zake. Baba Askofu mwenyewe ameshukiwa. Wa kwangu mimi, katekista, hana kitu. Watu wanauliza nyumbani kwangu kuna nini.”

Walburga alilitazama doa. Alimtazama Tobias, ambaye alikuwa amejitokeza mlangoni. Ukweli ulikuwa mfupi, kwa bahati nzuri.

“Ni vumbi, Katekista.”

“Sisi sote ni vumbi, binti yangu,” Katekista akajibu kwa utulivu. “Kila Jumatano ya Majivu tunakumbushwa.”

“Hili ni la ndani ya kamera. Nililipuliza mwenyewe. Kwa pumzi.”

Katekista Nazari akamgeukia Tobias, taratibu, kama mtu anayemwonesha mwenzake aya katika kitabu.

“Umesikia? Kwa pumzi.”

Walburga akafungua mdomo kueleza zaidi, akaona hakuna anayesikiliza. Katekista alikuwa anamweleza Tobias kwamba watu wa nyumba nne waliopigwa ndani ya kanisa wanataka kupigwa upya, nje, na watalipa kabla, na kwamba Hamphrey na kioo chake chote hajapata hata manyoya. Tobias alisikiliza kwa heshima kubwa. Mguu wake, bila kushauriana na mwenyewe, ulikuwa ukilisukuma lile kopo ndani ya nyumba.

Walburga akachukua kamera. Binti wa Katekista akasimama uani, mbingu nyuma yake, mikono imeshikana kifuani. Walburga akaweka jicho kwenye kitundu, na wote wakaacha kumtazama. Kutoka humo ndani akaona kwamba mtoto amesimama katikati mno, doa lingemkosa.

“Sogea kushoto kwangu,” akasema. Mtoto hakusikia.

“Kushoto,” akarudia, na safari hii hata kuku waliinua vichwa.