Chupa Iliyokataa Kuitwa Madawa

Jumatano mchana Nyamizi alisinzia juu ya meza yake ya kazi, akaota yuko mbele ya dirisha la ghala la dawa.

Hakulala kwa uvivu. Kwa siku tatu alikuwa akitengeneza programu ya simu ya kuiuliza kompyuta ya ghala hilo dawa ya sumu ya nyoka ipo kituo gani cha afya. Mwezi uliopita mrina asali mmoja aliyeumwa na nyoka alizungushwa vituo vitatu akiitafuta, akaishia kukatwa mguu. Nesi aliyemzungusha, Sista Kabula, ndiye aliyeomba programu hiyo, na kila asubuhi alipiga simu kuulizia. Lakini kila Nyamizi alipoijaribu, ghala lilimjibu namba moja tu: 404, yaani ulichoomba hakipo.

Dirishani umeketi mzani wa kupimia watoto, umevaa miwani. Unamwuliza Nyamizi jina, kazi na kibali. Anavitaja. Mzani unaandika, unainua macho, unamwuliza tena jina, kazi na kibali.

"Nimeshakwambia," anasema Nyamizi.

"Hapa hatukumbuki mtu, dada. Kila swali linakuja na utambulisho wake."

Anajitambulisha upya, anaomba madawa ya nyoka. Mzani unamjibu kwa upole kwamba hayapo.

Mara dirisha halipo. Nyamizi amekaa ndani ya friji, kwenye rafu, katikati ya vichupa vilivyovaa sweta. Anauliza kwa nini vinajificha.

"Hatujifichi," inasema chupa iliyo karibu naye. "Siku ya tatu hii tunakusikia unaita madawa. Hapa hakuna mwenye jina hilo. Mimi ni dawa. Hata tukiwa mia, ni dawa."

Nyamizi anaona haya. Anaisimulia habari za yule mrina asali. Chupa inasikiliza mpaka mwisho, kisha inapanda kiganjani mwake na kutulia hapo.

Alipoamka alifuta herufi mbili za mwanzo za neno madawa kwenye anwani ya ghala ndani ya programu, ikabaki dawa. Akajaribu. Orodha ikashuka: vituo vinne, na cha kwanza kilikuwa nusu saa tu kwa pikipiki kutoka kwa Sista Kabula. Akampigia kumweleza.

"Basi, mwanangu," akasema Sista Kabula, "sitamzungusha mwingine."

Nyamizi alihamishia simu mkono wa kushoto. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne, feni imesimama, joto limejaa chumbani. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimelowa, na baridi kama barafu.