Bakuli Kubwa Zaidi

Kila Jumatatu, kengele ya shamba ikishalia, Daktari Dalgarno alipita nyumba ya wagonjwa kuamua nani ana homa na nani ana uvivu. Shamba lilikuwa lake, miwa yake, watu wake. Jamaika nzima ilimsifu kwa mkono mwepesi wa kutibu.

Quasheba, mtumwa aliyewauguza wenzake humo miaka kumi na miwili, alimsubiri mlangoni. Ndani binti yake Abba alikuwa amelala kwenye ubao, anawaka moto.

"Bwana, leo naomba niongee na daktari. Yule mwenye shamba abaki nje kidogo."

Daktari akacheka. "Ulimi wako huo, Quasheba! Haya, daktari anakusikiliza."

"Abba apumzike. Akirudi kwenye miwa wiki hii, tunamzika."

Daktari akamshika Abba shingoni, akatikisa kichwa. "Siku tatu. Ila kwanza nimtoe damu."

"Damu ipi?" Bibi Juba, mwenye miguu iliyovimba, akanung'unika pembeni. "Mtoto kabaki mifupa mitupu!"

Daktari akatoboa mshipa. Ikatoka asali ya miwa, nzito, ya rangi ya dhahabu, ikachuruzika polepole kwenye bakuli. Nzi wakaja. Abba alikuwa kwenye miwa tangu ana miaka sita, kwa hiyo hapakuwa na la ajabu sana.

"Yangu ilianza mwaka ule wa kimbunga," Bibi Juba akasema. "Nikijikata na panga, nafunga na jani upesi. Nilijua akiiona tu, ataonja."

Quasheba hakumsikiliza. Alishusha pumzi. Sasa ataona, aliwaza. Msomi mzima, akikuta miwa yake imeingia mpaka kwenye mishipa ya mtoto wa mwenzie, si lazima aone haya? Jamani, hata jiwe lingeona haya!

Daktari akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena, amefumba macho.

"Lete bakuli kubwa zaidi," akasema.

Quasheba akauliza, "Bwana, huyo anayesema ni daktari, au yule mwingine?"

"Leo wote wawili tumekubaliana. Abba asirudi shambani. Alale hapa hapa, apumzike mpaka Pasaka. Nitamtoboa kila asubuhi. Si ndicho ulichotaka?"

Quasheba akaenda kuleta bakuli.

Jumapili baada ya ibada, mchungaji na mkewe walikuja kunywa chai kwa daktari. Quasheba ndiye aliyeandaa. Mke wa mchungaji alikoroga, akanywa, akatua kikombe.

"Daktari, utamu huu mmeutoa wapi?"

"Wa hapa hapa nyumbani," daktari akasema. "Quasheba, mwongezee mama."

Quasheba akamwongezea kijiko kimoja, kisha cha pili. Kule nyumba ya wagonjwa Abba alikuwa amelala, anapumzika, kama mama yake alivyomwombea.