Kitufe cha Kuahirisha

Siku Meneja alipotangaza kwamba Penseli na Madoido watafanya kazi meza moja, ofisi nzima ilijitia ina shughuli. Hakuna asiyejua. Mwanamume aliyekuwa mume wa Penseli sasa alikuwa mume wa Madoido, na tangu talaka itoke wanawake hao wawili hawakuwa wamepeana hata salamu. Jina la Madoido alilipachika Penseli mwenyewe, kwa hasira, maana mwenzake hakuweza kuchora kitufe asikivishe maua. Likashika hata kwa waliompenda. Penseli naye aliitwa hivyo kwa kuwa kila ukurasa aliuanza kwenye karatasi, akafuta na kuchora upya mpaka karatasi ikatoboka.

Kazi ilikuwa programu ya simu ya hospitali, ya wagonjwa kupanga miadi na daktari. Kila mmoja alikuja na muundo wake na hakuna aliyetaka kusikia wa mwenziwe. Wa Madoido ulikuwa wa kijani, unapendeza kweli, ila haukuwa na maneno: picha ndogondogo chini ya skrini, na mengine yote yamefichwa nyuma ya vistari vitatu pembeni. Wa Penseli ulikuwa wa buluu, mkavu, una vitufe vipana vilivyoandikwa kinagaubaga. Meneja, aliyechoka kuamulia watu wazima, akasema wagonjwa wenyewe ndio watakaoamua. Hospitali italeta watu, watapewa simu, na wabunifu watatazama kwenye runinga ya chumba cha pili, midomo wameifunga.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama mkwe wa Madoido, aliyewahi kuwa wa Penseli.

Penseli alimtambua kwa mwendo kabla hajamwona uso. Hospitali ilimchagua kwa sababu ya presha yake, haikujua lolote. Alifikiri kumwambia Meneja, akaona ataonekana mwoga, akaghairi. Kisha kupitia kioo cha mlango akamwona Madoido kwenye korido, amempokea mkwewe mkoba, anamnong'oneza kitu sikioni. Bibi akatikisa kichwa kukubali. Hapo Penseli alijua kwamba siri ya rangi, ipi ni ya nani, imeshatoka.

Wakakaa kwenye benchi moja, kila mmoja ukingoni kwake, na Meneja katikati kama ukuta. Mama mkwe aliombwa aahirishe miadi yake. Alianza na ya kijani. Akabonyeza picha ya kwanza, ikampeleka kwenye ushauri wa lishe. Akarudi. Akabonyeza nyingine, simu ikampiga picha ya kidevu. Vistari vile vitatu kidole chake kilivipita tena na tena kana kwamba ni uchafu wa kioo. Alipotokwa na jasho, akaiweka simu chini na kusema ni nzuri mno, imetengenezwa na mtu aliyelelewa.

Madoido alitabasamu. Penseli akauma meno.

Ya buluu ilipowashwa, kidole gumba kilikwenda moja kwa moja kwenye "Ahirisha miadi", akachagua siku, akabonyeza, akabonyeza tena, akamaliza. Baada ya hapo ndipo alipokumbuka kuichukia.

"Hii imetengenezwa na mwenye dharau," alisema, akiitazama kamera. "Maandishi makubwa hivi, anadhani sisi ni watoto? Mwanangu aliishi na mtu wa namna hii. Namjua."

Uso wa Penseli ukawaka. Meneja alikohoa, akasema maoni ya mgonjwa yameeleweka. Penseli akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba maoni ni ya mdomo, na wao hawatengenezi programu ya mdomo. Airudishe video atazame kidole. Meneja akairudisha. Haikuhitaji hakimu. Wagonjwa waliofuata, wasiomjua yeyote, nao walipotea kwenye maua na kutoka salama kwenye buluu.

"Rudisha tena," alisema Madoido, wakati Penseli ameshaanza kukusanya karatasi zake. "Hapo. Amebonyeza mara mbili. Hajui kama imekubali. Miadi yake umeisukuma mara mbili, imepita siku aliyochagua, na mgonjwa wa presha sasa hana daktari mpaka mwezi ujao. Hongera."

Alilitamka lile neno taratibu, kwa raha. Ilikuwa kweli, na Penseli alijua. Skrini yake ilikuwa imekaa kimya baada ya kubonyezwa, na hakuliona hilo muda wote aliokuwa akichora.

Meneja akachagua buluu, kwa sharti kwamba hitilafu ile wairekebishe pamoja, siku hiyohiyo. Mchana kutwa walikaa bega kwa bega bila kutazamana. Penseli aliandika ujumbe wa uthibitisho, Madoido akasema unasomeka kama hukumu ya mahakama. Akaandika wake: "Tayari. Daktari atakusubiri siku uliyochagua." Penseli aliusoma, akausoma tena akitafuta kasoro. Akautia kwenye programu, chini ya kitufe chake kipana, pasipo hata neno la asante.

"Usidhani nimekusaidia wewe," alisema Madoido akichukua mkoba. "Yule ni mama mkwe wangu."

"Mchukue," alisema Penseli. "Wachukue wote wawili, yeye na mwanawe."

Akageuza kiti kuelekea dirishani mpaka aliposikia mlango umefungwa.