Vikwapa vya Kanzu ya Ame

Kwaru, kwaru, kwaru. Bi Kazija aliisikia brashi akiwa jikoni, akadhani mwanawe anasugua viatu. Kisha harufu ya klorini ikamfikia. Mwiko ukamponyoka, ukazama ndani ya sufuria.

Uani, Silima alikuwa amechutama mbele ya beseni, povu limemfika viwikoni. Ndani ya beseni mlikuwa na kanzu ya marehemu baba yake.

"Silima! Nani kakupa ufunguo wa sanduku?"

"Mama, Ijumaa naoa. Nnyanyue mikono kwenye dua, watu wayaone makwapa ya manjano? Watasema bwana arusi kavaa mtumba!"

"Waseme! Baba yako akiinyanyua mikono hiyo hiyo mbele ya mji mzima."

Kweli. Ame, mumewe, aliongoza safu ya maulidi ya homu hapa Kikwajuni, yale ya kuyumba pamoja na kuinua mikono, na kanzu hii yenye darizi ya mkono shingoni ndiyo aliyokuwa akiivaa. Alipokwenda Maskati kutafuta kazi aliiacha, akasema ataikuta. Akafia huko, akazikwa huko, na hata picha ya kaburi haikuletwa. Watu wana makaburi ya kuzuru; Bi Kazija alikuwa na madoa mawili ya jasho. Kwa miaka kumi na saba, kila Idi, alijifungia chumbani, akaitoa kanzu, akaifukiza udi, kisha akauzamisha uso kwapani na kuvuta pumzi. Kuifua hakuifua, asije akamfua Ame akaondoka. Silima alijua tu kwamba mama anapanga nguo.

Bi Kazija akaivuta kanzu kutoka majini. Umanjano ulikuwa umegeuka rangi ya kutu, na kidole chake kilipogusa, uzi ukaachia.

Wakaipeleka ikiwa bado mbichi hadi Mlandege, kwa Fundi Shamsi, mshonaji wa kanzu. Fundi aliitandaza mezani, akatoa sindano mdomoni.

"Bwana arusi, umefua au umepika?"

Silima akamwonyesha doa la rangi ya kutu; fundi akatikisa kichwa.

"Klorini na jasho la zamani haviivani. Ungeiroweka kwa ndimu na chumvi, ukaianika juani, ingekubali. Na wewe, Bi Kazija, usijifiche nyuma ya buibui. Udi juu ya nguo isiyofuliwa, miaka yote hii? Moshi umeligandisha jasho, kitambaa kikaliwa. Mmeiua wawili."

Siku zote Bi Kazija alidhani anamtunza Ame.

"Dawa moja," fundi akasema, sasa kwa upole. "Nivitoe vikwapa, hivi vipande viwili vya chini ya mikono, nitie vipya. Darizi bado iko nzima. Ijumaa atavaa."

"Vitoe," akasema Bi Kazija, kabla mwanawe hajafungua mdomo. "Lakini usivitupe."

Mkasi ukapita. Vipande viwili vikawekwa kiganjani mwake, vidogo kuliko alivyotarajia. Akageukia ukuta, akavinusa. Klorini. Akanusa tena kile cha pili, kama mtu anayerudia kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Klorini tu.

"Mama?"

"Hayumo," akasema. "Nilikuwa naye humu, mwanangu. Kaburi langu la kuzuru lilikuwa hili."

Silima akamtazama, akakumbuka ule mlango uliofungwa kila Idi. Kijana huyu tangu udogo wake alikuwa hajui kuomba radhi. Hata akichapwa alikaza meno. Sasa alipiga magoti sakafuni, juu ya vipande vya nyuzi, fundi akimwona, akaufumbata mkono wa mama yake pamoja na vitambaa vilivyokuwamo.

"Nisamehe, mama. Wallahi, mwaka hautokwisha, ntakupeleka Maskati. Ntauliza mlango kwa mlango mpaka nilione kaburi la baba, na utakaa naye hapo mpaka useme mwenyewe: Silima, basi, twende zetu."