Baruti Laini

Serikali ilipowahamisha watu wa msitu wa Walikale kuwapeleka kando ya barabara, mwaka wa 1951, Anastasie alibaki. Mumewe Symphorien alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, naye hakuona namna ya kumwacha. Majirani walipokwisha kuondoka, nguruwe mwitu wakaanza kung'oa muhogo wake mchana kweupe. Aliwafukuza kwa gobore la marehemu.

Shemeji yake Hubert alikuja kumchukua. Alipoliona shamba, akasema atawaua kwanza hao nguruwe. Lakini pembe ya kutunzia baruti ya chenga, ile ya kupigia, ilikuwa tupu. Kilichobaki ni kibuyu cha baruti laini kama unga, ile ya kuwashia tu. Hubert akaimimina mtutuni, akashindilia na risasi.

"Shemeji, usiipige," Anastasie akasema. "Ile ya chenga inaungua polepole, inasukuma risasi mpaka inje. Hii inaungua yote mara moja. Risasi haiyaanza kutembea, nguvu yote inabakia mu chuma."

"Sasa yenye kuungua mbio, si njo iko na nguvu?"

"Njo maana naikatala. Symphorien alinionyaka. Kama hauniamini, tufunge bunduki ku kisiki, tuivute na kamba."

Hubert akacheka, lakini alimheshimu mjane wa kaka yake. Wakalifunga gobore kwenye kisiki, wakajilaza nyuma ya gogo, Hubert akavuta kamba.

Mlio ulikuwa mfupi na mkavu. Moshi ulipopungua, waliona mtutu umechanika karibu na kitako. Kipande cha chuma kilikuwa kimezama kwenye kisiki, mahali ambapo shavu la mpigaji lingekuwa.

Hubert akakigusa kile kipande kwa kidole.

"Ulijua itapasuka?"

"Nilijua."

"Na bunduki uko nayo hii moja tu."

"Na ndugu ya Symphorien nabakia na mumoja tu."

Nguruwe walimaliza muhogo uliosalia. Kabla mvua hazijakatika, Anastasie alifunga mikeka yake akamfuata Hubert barabarani, kwenye nyumba zilizopangwa mstari mmoja, katikati ya watu wa vijiji vingi. Walimsalimu asubuhi na jioni, naye aliitikia vizuri. Lakini yule ambaye yeye alizoea kuzungumza naye wakati wa kupalilia alikuwa amebaki kule, kaburini nyuma ya nyumba isiyo na mtu.